Shairi la Mtani Ndani ya Chupa

Niliacha shule nikiwa darasa la tano. Haikuwa kwa sababu ya ugonjwa wala umaskini. Dirisha la darasa letu kule Gwata lilitazama njia, na mimi nilishindwa kuacha kuitazama. Baba alinichapa, mwalimu akanichapa, mwishowe wote wawili wakachoka. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi nisizozimaliza. Nimepanga matofali kwenye tanuri pale Tangini, nimekuwa utingo wa lori la korosho, nimechoma mkaa, nimelinda shamba la mananasi la mtu ambaye hakuniamini hata kidogo. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kununua chupa tupu.

Ilikuwa miaka ile baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wakati sabuni imeanza kuwa adimu na watu wanapanga foleni ya sukari. Chupa tupu ilikuwa mali. Dar es Salaam waliitaka wauza asali, wauza mafuta ya kupikia, waganga, na kila mtu aliyekuwa na kitu cha majimaji cha kuuza. Nilikuwa na baiskeli na matenga mawili, moja kila upande wa kiti cha nyuma. Nilianzia Kisarawe, nikashuka hadi barabara kuu, nikapita Kibaha na Mlandizi mpaka Janga, halafu nikarudi nikipiga kengele na chupa zikilia zaidi ya kengele.

Mnunuzi wa chupa hana mlango anaokatazwa. Unabisha hodi, unakaribishwa hadi uani, unaonyeshwa hata kilicho chini ya kitanda. Kwa mtu kama mimi, anayetaka kujua nani anaishi na nani na kwa nini ukuta ule haujapakwa chokaa, hiyo ilikuwa shule niliyoikosa.

Huko Kisarawe kulikuwa na nyumba moja ya mawe yenye baraza ya saruji na ngazi mbele yake. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa umri wa kuitwa bibi, mrefu, mkavu, shingo imesimama. Watu walimwita Binti Pazi. Hilo si jina. Zamani watawala wa Uzaramo waliitwa mapazi, na baba yake alikuwa mmoja wao. Baada ya Uhuru serikali iliufuta uchifu nchi nzima, na yeye akawa ndugu kama ndugu wengine. Alilikubali jambo hilo bila kununa. Alikuwa na kadi ya chama, alilima shamba lake la mihogo, na mikutano ya kijiji ilifanyika barazani kwake ili asipate taabu ya kuifuata.

Jambo moja tu hakuliacha. Hakumwendea mtu. Pakiwa na msiba, harusi au mgonjwa, alituma kanga, mchele, salamu na mtu wa kuvipeleka. Mwenyewe alibaki kwenye kiti cha marehemu baba yake, na aliyetaka kumwona alikuja. Balozi wa nyumba kumi, mtu mzima mwenye kalamu mfukoni, alimwita ndugu kama ilivyotakiwa, lakini ndala zake alizivulia ngazi ya chini kabisa.

Siku ya kwanza nilipopita aliniuzia chupa mbili na kuniuliza njia yangu inaishia wapi.

"Janga, bibi."

"Janga?" Akanitazama vizuri. "Huko yuko Mnyamwezi wangu. Mjane mmoja, mdomo wake kama gunia lililotoboka. Ukimwona mwambie Binti Pazi anauliza kama ameshajifunza kuoga."

Mtu asiyejua angeshtuka. Lakini Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka kutoka bara na mizigo kichwani kupitia nchi yetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako na akamla, akaja msibani kwako na kulala kaburini akidai hampishi mtu mpaka apewe kitu. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa.

Yule mjane nilimpata bila shida. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na kibanda chake kilikuwa mwisho wa mstari wa nyumba za kijiji. Baba yake alikuja pwani kukata mkonge, na yeye alizaliwa huku huku. Nilipompa salamu alizoletewa alipiga kofi pajani.

"Mwambie naoga kila siku," alisema, "tangu nilipohama nikaacha kusikia harufu yake."

Ndivyo nilivyoanza kubeba matusi. Kila safari nilikuwa na la kupeleka na la kurudisha, na kwa kuwa sikutaka kupoteza hata neno, nilikuwa nikiyarudia njiani huku nakanyaga pedali. Kidogo kidogo niliwajua. Walikutana wakiwa wasichana kwenye misheni. Mmoja alipelekwa na baba yake kusoma. Mwingine alikuwa akifagia darasa, na kutoka hapo alichota maji kwenye kisima kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Pazi. Wote wawili waliolewa jirani, na walitukanana kila jioni mpaka mjane na mumewe walipohamishiwa Janga. Mume alifia huko. Tangu kuhama, hawakuonana tena. Mmoja hakuwa na nauli, mwingine hakuwa mtu wa kumwendea mtu.

Safari moja mjane alinipa chupa iliyokuwa ya mafuta ya taa, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inameta. Ndani mlikuwa na karatasi zilizoviringishwa.

"Hii siuzi," akasema. "Mpelekee. Mvua isiingie."

"Ni barua, mama?"

"Ni mashairi." Alilitamka neno hilo akitazama pembeni, kama mtu anayetaja maradhi yake. Alikuwa amejifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima pale kijijini, akipiga magoti mbele ya benchi na kipande cha penseli. Mwalimu aliwaambia waandike wanachotaka. Wenzake waliandika majina ya watoto wao. Yeye hakuwa na mtoto.

Kuzitoa zile karatasi kulitutoa jasho. Zilikuwa zimefunguka ndani, na shingo ya chupa ilikuwa nyembamba. Nilishauri tuivunje.

"Uvunje chupa? Wewe si ndiye mnunuzi wa chupa?" Binti Pazi alinitazama kama mwendawazimu. "Leta waya wa baiskeli."

Tulitumia spoki moja ya zamani niliyokuwa nayo kwenye tenga. Nilishika chupa yeye akichokoa, kisha yeye akashika nikachokoa mimi, na balozi, aliyekuja kwa shughuli ya kodi ya maendeleo, akabaki na ndala mkononi akitoa maelekezo. Hatimaye karatasi zilitoka, moja baada ya nyingine, zimechanika pembeni. Zilikuwa tatu. Herufi zilikuwa kubwa, zimekandamizwa hadi upande wa pili, na pale alipokosea hakufuta, alichora duara akaendelea.

Binti Pazi alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, kidole kikihesabu silabi kwenye mkono wa kiti, maana alikulia kwenye nyumba iliyoijua mizani.

*Nafumba macho naona, njia ile ya kisima,*
*Tunatukanana sana, ndoo zetu zaegema,*
*Huku nilipo hakuna, wa kujibu nikisema,*
*Leo sitanii nina, neno kooni lakwama.*

Alipofika mwisho alicheka. Alicheka hadi akavua miwani.

"Sikilizeni! Ndoo zetu! Mimi lini nimebeba ndoo? Ndoo zote alibeba yeye, mimi nikitembea nyuma kumwonyesha njia! Na tena eti leo sitanii." Akamgeukia balozi. "Umewahi kumwona mtani anayeanza uongo wake bila kusema leo sitanii?"

Balozi alikubali kuwa hajawahi. Kwa kweli hata mimi sijawahi. Ukimsikia mtani akikuambia kwa uso mkavu kwamba leo hana utani, shika kuku wako.

Karatasi ya pili ilitaja treni. Ilisema shemeji yake ataletwa na treni, na kwa treni hiyo wataondoka wote kwenda Tabora. Hapo Binti Pazi alicheka zaidi. Wanyamwezi, alisema, walianza kutishia kwamba kesho wanarudi kwao siku babu zao walipotua mizigo, na wote wapo hapa wanakula mihogo yetu. Karatasi ya tatu ilikuwa na mistari miwili tu. Aliitazama, akaiweka chini ya nyingine.

Jibu aliliandika hapo hapo, kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, kwa vina vile vile kama inavyostahili shairi kujibiwa:

*Kubeba ndoo hapana, shingo ya Pazi huuma,*
*Treni mwaitaja sana, na bado mmesimama.*

"Mpelekee," alisema, "na umtazame usoni anaposoma. Nataka kusikia alivyocheka."

Basi nilimtazama. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Alifuta mikono kwenye kanga, akasoma polepole, midomo ikimtembea. Alipomaliza alirudi mwanzo akasoma tena. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka chini ya ungo, akachukua gunzi lingine.

Nilingoja. Mahindi yalikuwa yakidondoka kwenye ungo.

"Mama, nimwambie nini?"

"Mwambie nimepata."

"Basi?"

"Basi, mwanangu."

Sikuweza kuondoka bila kujua. Nilimuuliza kama hiyo treni ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Ndugu wa marehemu mumewe angekuja msimu wa korosho ukimalizika. Alikuwa amesema si vizuri mjane wa nyumba yao abaki peke yake kwa watu.

"Unapajua Tabora, mama?"

"Nipajulie wapi? Nimezaliwa mkongeni. Kinyamwezi chenyewe nakisikia kwa kubahatisha." Alipukuchua kidogo. "Lakini huku nina nani? Nilitaka mtu mmoja aniambie nibaki. Mmoja tu. Maana mwenyewe sina la kumwambia shemeji."

Nilipoinuka aliniita. Alikusanya chupa zake zote zilizokuwa pembeni mwa mlango akanipa, hata ile aliyokuwa akiwekea mafuta ya taa ya matumizi.

"Chukua zote. Sina tena cha kutia humo."

Barabara ya kurudi niliiona ndefu. Sikuwa na tusi la kurudia.

Binti Pazi alikuwa akila ubuyu nilipofika. "Haya, alinitukana nini?"

"Hakutukana, bibi."

"Alisemaje?"

"Alisema amepata."

"Alicheka lakini."

"Hakucheka."

Aliacha kutafuna. "Kabisa?"

Nilimweleza yote, treni, shemeji, mahindi na chupa. Hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilipomaliza aliingia ndani akatoka na zile karatasi tatu, akavaa miwani, na safari hii hakusoma kwa sauti. Kidole chake hakikuhesabu chochote. Kilisimama kwenye neno moja kwa muda mrefu.

"Ndoo zetu," alisema.

Nikaketi kwenye ngazi.

"Nilibeba," akasema. "Alijifungua, mtoto akafa. Mumewe alikuwa kwenye mkonge, mama yake alikuwa ameshafariki. Hakuweza kuinuka. Nilikwenda kisimani kabla watu hawajaamka, nikajitwika ndoo yake, na yangu nikaishika mkononi, ili nisirudi tena jua likichomoza watu wakamwona mtoto wa Pazi na ndoo. Nilifanya hivyo hadi akapata nguvu. Niliona aibu hata nikajisahaulisha. Nimesahau kweli, hadi leo." Alizikunja karatasi. "Yeye hakusahau. Anaziita ndoo zetu."

Kisha akanionyesha ile karatasi ya tatu, yenye mistari miwili. Nilisoma mwenyewe. Ilisema kwamba yeye hana ndugu anayefanana naye sura, lakini ana mmoja anayefanana naye kicheko. Hapo penseli ilikuwa imekatika. Lilibaki tundu dogo kwenye karatasi.

"Korosho zinaisha lini?" aliniuliza, yeye mwenye mikorosho nyuma ya nyumba.

"Zimekaribia, bibi. Wanaokota za mwisho."

Akaniambia nimwite balozi. Balozi alipokuja alimkuta akipangusa vumbi viatu vya ngozi ambavyo, kwa jinsi vilivyokauka, havikuwa vimevaliwa tangu mazishi ya mumewe. Alipoelewa safari ni ya wapi alipatwa na wasiwasi wa kweli.

"Lakini Bi Mkubwa, tutampelekea nauli, aje yeye. Watu watasemaje, Binti Pazi kwenda kumwamkia Mnyamwezi?"

"Yeye amekwisha kuja," alisema. "Alikuja ndani ya chupa, nikamcheka. Sasa zamu yangu."

Alipanda gari la kwenda Dar es Salaam, akapanda lingine, akateremka Mlandizi, nilikokuwa nikimngoja. Mkononi alikuwa na ile chupa iliyosuguliwa, imefungwa kwenye kitambaa. Matenga niliyaacha kwa fundi wa baiskeli. Binti Pazi alikitazama kiti cha nyuma cha baiskeli yangu, akakitazama tena, kisha akakaa kiupande, mgongo umenyooka kana kwamba bado yuko barazani. Njia nzima hakunishika. Kwenye mashimo alishika kofia yangu.

Ilikuwa asubuhi ya kuchota maji. Kina mama walikuwa kwenye foleni ya bomba la kijiji, na mjane alikuwa miongoni mwao, ndoo yake ndiyo iliyokuwa ikijaa. Aliona baiskeli, akaona aliyekaa nyuma yake. Foleni nzima iligeuka kutazama, ingawa wengi hawakumjua mgeni. Walijua tu kwamba kuna jambo.

Binti Pazi alinipa chupa niishike. Alikwenda mpaka kwenye bomba, akaivua kanga ya mabegani, akaizungusha kuwa ngata, akaiweka kichwani. Akainama. Mara ya kwanza ndoo haikufika hata kifuani. Mwanamke mmoja alikimbilia kumsaidia, "Leta bibi, leta!", na hapo ndipo mjane alipofungua mdomo.

"Mwacheni."

Ndoo ilipanda. Sijui hadi leo ilipandaje. Alianza kutembea, shingo ile ile, na kila hatua maji yakaruka, yakamwagikia usoni, kwenye blauzi, kwenye viatu vya ngozi. Hakujua nyumba iko wapi, kwa hiyo alifuata njia tu. Mjane alikuwa nyuma yake, mimi na baiskeli nyuma ya mjane. Tulipita nyumba kadhaa hivyo, kimya, kama watu wa msiba. Nilikuwa nimebeba matusi yao muda mrefu na sikuwahi kufikiri kwamba ningeomba kusikia hata moja.

"Mzaramo!" mjane aliita ghafla.

Binti Pazi alisimama. Hakuweza kugeuka.

"Hiyo ndoo unaibeba, au inakubatiza?"

Kina mama waliokuwa wametufuata walilipuka kwa kicheko. Mabega ya Binti Pazi yalianza kutetemeka, na nusu ya maji yaliyobaki yakamwagika.

"Mmebeba mizigo yetu miaka yote ile," alijibu, akiwa bado anatazama mbele, "kumbe ni kazi! Kwa nini hamkusema?"

"Tulisema. Mlikuwa mnatembea nyuma mkituonyesha njia."

Mjane alimpokea ndoo. Ndani ya ndoo maji yalikuwa ya kutosha kikombe cha chai. Walikaa kwenye mkeka, mmoja mkavu, mmoja ametota, na mimi nikajifanya nakaza breki za baiskeli karibu na mlango.

"Lile neno lililokwama," Binti Pazi alisema, "liseme. Leo sitanii."

Mjane akacheka kwa pua. "Wewe nawe husemi kweli bila kuanza kama mwongo." Akaacha kucheka. "Nilitaka uniambie nisiende."

"Usiende."

"Basi siendi."

Ilikuwa fupi hivyo. Shemeji alikuja baada ya korosho, mtu mpole mwenye koti. Alikula, akalala, akaonyeshwa mihogo na kaburi la ndugu yake. Mjane alimwambia kuna mtu amemwambia abaki. Alipouliza ni ndugu gani huyo, akaambiwa ni mtani. Shemeji alilifikiria hilo, akasema kama ni mtani, hapo yeye hana neno, na akarudi na treni peke yake. Na Binti Pazi, ambaye hakuwa akimwendea mtu, nilimkuta Mlandizi zaidi ya mara moja akiulizia baiskeli.

Lakini siku ile ya kwanza, kabla sijaondoka, Binti Pazi aliikumbuka chupa. Aliichukua kwangu akamkabidhi mwenzake.

"Nimekurudishia."

Mjane aliiinua juani akachungulia. "Tupu?"

"Tupu. Nilikaa na kalamu, vina vikanigomea. Nikaona nije mwenyewe."

Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilipoona chupa tupu mkononi mwa mtu nilinyoosha mkono kuipokea. Mjane aliificha haraka nyuma ya mgongo wake.

"Toka hapa, wewe," alisema. "Hii ina kazi. Niletee penseli."